Jiwe la Kushukia Karema

Baba mkwe wangu alikuwa amegeuza kiti chake, amenipa mgongo anatazama migomba, ili asinione nikiwa chini ya gari. Kwao mkaza mwana hajilazi mbele ya baba mkwe, hata kama anachofanya ni kufungua tairi. Nilikuwa nimevaa suruali ya mume wangu na juu yake nimefunga kitenge, na hicho kitenge kila mara kilinasa kwenye jeki. Tulikuwa na aibu wote wawili, na wote wawili tulijifanya hatuna.

Lakini ilibidi. Kesho yake ilikuwa arobaini ya kaka wa baba mkwe kule Karema, na yeye ndiye mkubwa aliyebaki. Asipofika, matanga hayaanuliwi. Goti lake lilikuwa limevimba, safari ya basi asingeiweza. Mume wangu anafanya kazi mkoa mwingine. Nikabaki mimi, na gari ambalo breki zake za nyuma zilikuwa zimeanza kukwaruza chuma kwa chuma. Fundi ninayemwamini alikuwa Mpimbwe anavuna mpunga. Yule mwingine aliwahi kunirudishia gari pamoja na nati moja mkononi, eti imezidi. Nikasema heri kosa liwe langu.

Pedi za breki za mbele nilishawahi kubadilisha, mume wangu akinishikia tochi na kunisifu kupita kiasi. Nikadhani za nyuma ni hivyo hivyo. Nikaweka mawe kwenye matairi ya mbele, nikapiga jeki, nikatoa pedi za zamani, nyembamba kama ukoko wa wali. Mpya ni nene, na ili ziingie ni lazima ile pistoni inayozibana irudi ndani. Nikaisukuma kwa klampu, kile chuma cha kubania mbao, mpaka jasho likaniingia machoni. Haikurudi. Nikakaza zaidi, ikatoa mlio ambao sikuupenda kabisa. Kule kwenye kiti, baba mkwe akakohoa.

Nikampigia mume wangu.

"Ya nyuma hausukumi," akasema. "Unaizungusha kama mfuniko, ndo inaingia. We umeibana na nini?"

"Na klampu."

 

"Kuna mafuta yanavuja?"

"Hakuna."

"Basi zungusha taratibu. Na kesho zikinuka kidogo usishtuke, pedi mpya ndo zilivyo."

Nikazungusha kwa plaizi, ikaingia. Upande wa pili ukaenda bila kelele, nami nikaanza kujiona fundi.

Kumbe ukishabadilisha pedi, unatakiwa kwanza ukanyage breki mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka zishike. Siku ile ya pedi za mbele aliyekanyaga ni mume wangu; mimi nilikuwa naosha mikono. Basi nikaondoa mawe, nikawasha gari, nikarudi nyuma ili nijaribu. Uwanja wetu umeinamia jikoni. Nikakanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini kama nimekanyaga uji. Nikavuta breki ya mkono, nayo imelegea. Nikakanyaga tena, na tena, huku nikipiga mayowe. Gari likasimama.

Nilipotazama kwenye kioo cha pembeni, nikamwona baba mkwe ameinama nyuma ya tairi, na goti lake lile, mkono ungali juu ya jiwe. Yeye aliyenipa mgongo mchana kutwa! Mpaka leo sijui kilichosimamisha gari ni mguu wangu au jiwe lake.

"Pole, mama," akasema. Akachechemea hadi kwenye kiti, akakigeuza tena kwenye migomba.

Sikulala vizuri. Alfajiri nilijaribu gari mpaka barabara kuu na kurudi, kisha nikapiga goti kumsalimia.

"Breki zinashika sasa, baba."

"Sawa, mama."

Akaingia kiti cha nyuma, kama kawaida yake. Nilipotazama kioo, nikaona amepakata jiwe. Lile lile la jana.

Sikuuliza, maana mkwe hahojiwi. Lakini niliumia. Kama huniamini, si ungesema tukodi gari? Na jiwe la mapajani litasaidia nini gari likishika kasi? Tulipita Kasekese, mimi macho barabarani na roho kwenye kioo.

Vilima vya kushukia ziwani vilipoanza, nikaweka gia ndogo. Harufu ikaja. Kidogo, alisema mume wangu, ila kidogo ni kiasi gani? Nikaiona picha yote: gari korongoni, waombolezaji wakiletewa msiba juu ya msiba, na watu wakinionyesha kidole, ndiye huyo aliyemuua mkwewe. Nikatupa jicho kwenye kioo. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya jiwe, wa pili umeshika kitasa cha mlango. Anataka kuruka, nikawaza. Aniache nife peke yangu. Nilimchukia kwa kona mbili nzima.

Nikasimamisha gari, nikashuka, nikasogeza kiganja karibu na kila tairi la nyuma. Joto lilikuwa sawasawa, hakuna upande ulionasa. Nikarudi kwenye usukani.

"Twende, mama," akasema. Mkono haukutoka kwenye kitasa.

Tulifika salama, misa ikasomwa, matanga yakaanuliwa. Yeye alikuwa anabaki, mimi nilitakiwa kazini. Kesho yake nilipowasha gari nirudi nyumbani Mpanda, nikamwona anakuja akichechemea na lile jiwe. Akafungua mlango wa mbele, akaliweka kwenye kiti cha pembeni yangu.

"Rudi nalo."

"Baba, breki ni nzima."

"Najua. Kuja tulikuwa wawili. Gari likikataa, we unashika usukani, mi nashuka naweka jiwe. Kurudi uko mwenyewe, utapata tabu."

Nilipanda vilima vile nikilia, mguu nikiujaribisha kwenye breki hata pasipo na sababu. Ule mkono kwenye kitasa, kumbe alikuwa tayari kuniwekea jiwe, na goti lile.