Magari Mawili ya Dizeli na Nyonga ya Hooyo

Nyonga ya mama mkwe wangu ndiyo iliyonitoa nyumbani. Hooyo Dahabo, maana huku mama huitwa hooyo, aliteleza kisimani wakati wa kiangazi, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo hatembei ila kwa kushika ukuta. Daktari wa mifupa alikuwa anakuja Garissa kwa siku chache tu, na jina la Hooyo lilikwisha kuandikwa: awe hospitalini Jumatano kabla ya alasiri, kesho yake apasuliwe. Taabu ni kwamba mara ya mwisho alipoletwa mjini gari lilimrusha njia nzima, akalia hadi sauti ikamkauka. Aliporudishwa kwake, ng'ambo ya Habaswein, aliapa kwamba hatapanda gari tena hata likiwa la kumpeleka Makka.

Mimi ni mtu wa Malindi, na huu ni mwaka wangu wa tisa tangu niolewe Garissa. Ninyi wa nyumbani mnaniuliza kila siku huku kukoje, nami huwa sijui nianzie wapi. Leo nitaanzia kwenye magari.

Mume wangu, Bishar, ana binamu anayeuza magari. Tulikuwa tukitafuta gari la familia la dizeli, akatupa mawili tukayajaribu kwa siku mbili. La kijivu lilikuwa la zamani, refu, na nyuma lina viti virefu viwili vinavyotazamana. Jeupe lilikuwa jipya jipya, chini kidogo, viti vya ngozi, na injini yake ukiwa ndani unabaki kujiuliza kama imewaka. "Yapelekeni yote kwa mama," alisema binamu. "Yeye ndiye atachagua."

Bishar alikwisha kuchagua zamani. "Mwanaisha, hii ya kijivu haijui kuugua," aliniambia, akiipiga bodi kwa kiganja. "Ukitia dizeli inaenda. Ukitia matope, wallahi, inaenda."

"Na mgongo wangu?"

"Mgongo utazoea."

Mgongo wangu haujazoea kitu tangu nimjue yeye. Nilichukua ufunguo wa jeupe bila kuombwa, kwa sababu nilishaamua moyoni kwamba hilo ndilo litakalomleta Hooyo mjini.

Jumanne, baada ya swala ya alfajiri, tulitoka Garissa, yeye mbele na kijivu lake, mimi nyuma. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alimulika tochi, akauliza tunakwenda wapi, akatutakia safari njema. Kisha kukapambazuka taratibu. Nilifunga vioo, na ndani kukawa kimya kiasi kwamba nilisikia pumzi zangu. Migunga ilipita upande huu na upande huu. Twiga watatu walisimama wakatutazama, nao nikawaona wakipita pia, ingawa hawakuinua hata mguu. Nilihisi kwamba mimi nimetulia mahali pamoja na nchi yenyewe ndiyo inayosafiri. Mbele barabara ilijaa maji ambayo hayakuwepo, na kila nilipoyafikia yalikwisha kusogea. Nilimwaza Hooyo amelala kiti cha nyuma, anatazama maji yale, hana maumivu. Niliitamani picha hiyo hadi nikaanza kuiamini.

Tulipofika Shimbirey tulibadilishana magari, ili kila mtu aonje la mwenzake. Ndani ya lile la kijivu ndoto ilinikatika. Injini ilinguruma kama kinu, usukani ulinitikisa meno, na kila shimo dogo lilinitoa kitini. Lakini lazima niseme kweli: kwenye mchanga liliingia na kutoka kana kwamba mchanga haupo, na mshale wa joto haukusogea hata jua lilipopanda. Tuliposimama kurudishiana funguo, Bishar aliteremka kutoka jeupe akitabasamu.

"Nzuri," alisema. "Nimelala kidogo."

"Ukiendesha?"

"Kidogo tu."

Modogashe, saa nne asubuhi, ndipo nilipofanya kosa langu. Bishar alikwenda kuwasalimu watu wake. Nilikuwa nimewasha kiyoyozi tangu tuondoke, mafuta yamepungua, na kituo cha mafuta siku hiyo hakikuwa na dizeli. Kando ya barabara mama mmoja alikuwa na mitungi yake ya dizeli imepangwa kivulini. Nilimuuliza kama mafuta yake ni safi.

"Safi kabisa, walaal, dada yangu. Nachuja na shash," alisema, akinionyesha kitambaa cha kichwani, chepesi kabisa, kizuri. Kweli alichuja. Nilisimama pale nikaona mchanga unabaki kitambaani, nikaridhika na nafsi yangu. Sikujua kwamba kitambaa huzuia mchanga, maji hakiyazuii.

Baada ya Modogashe mambo yalikwenda vizuri, kisha taa ndogo ya manjano ikawaka mbele yangu, na gari likaishiwa nguvu. Nilikanyaga, halikujibu. Halikuzima wala halikupiga kelele, lilisinzia tu likiwa linatembea. Punda mwenye mapipa mawili ya maji alinipita, na mwenye punda akanipungia mkono kwa adabu. Bishar alirudi nyuma kunitafuta. Nilipomweleza habari ya ile mitungi hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Habaswein, baada ya adhuhuri, tulimpata fundi Kirimi, mtu wa Meru aliyekaa huku miaka mingi. Alifungua chujio la mafuta, akamwaga kilichomo katika chupa ya plastiki, akainyanyua juani. Dizeli juu, maji chini.

"Madam," aliniambia, "gari ya siku hizi ni mtoto mchanga. Chochote utakachompa, chemsha kwanza. Ile ya mzee hapo ni babu, anakula hata kokoto."

"Kesho asubuhi itafika Garissa?"

"Nitaisafisha. Lakini kuapa siapi."

Tukaliacha jeupe kwa Kirimi, tukamalizia safari katika la kijivu, mimi nimenuna njia nzima.

Jua likiwa limelala upande tulifika kwa Hooyo. Alikuwa ameketi mlangoni juu ya mkeka, ameegemea ukuta, akatupokea kwa dua ndefu na maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Mimi na yeye tunazungumza Kiswahili, chake cha sokoni, ambacho p yake mara nyingi hugeuka b, changu cha kujaribu kumfurahisha. Nilimweleza lile gari jeupe lilivyo laini, kisha nikamweleza nilivyoliharibu.

"Imebaki ile ya kelele?" aliuliza.

"Imebaki hiyo, Hooyo."

Aligeuza uso ukutani. "Basi mimi nabaki hapa."

Bishar alimbembeleza, akamkumbusha kwamba daktari anaondoka. Alimwambia kwamba miezi ikipita atalala kitandani moja kwa moja. Hooyo alisema Mungu yupo hata kitandani. Niliingia ndani nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana ni mimi niliyemtilia Hooyo maji kwenye safari yake.

Jumatano alfajiri niliamshwa na sauti za watu. Habari kwamba kuna gari la kwenda Garissa ilikwisha kutembea, kama inavyotembea huku, na nje walisimama watu wanane na magunia ya gundi ya migunga. Mbele yao alikuwa Eeddo Kaltuma, yaani shangazi Kaltuma, jirani wa Hooyo, mwanamke mnene mcheshi mwenye mikono mizito.

"Gari leo ni la mgonjwa," niliwaambia, na sikusema kwa upole. "Na mgonjwa mwenyewe haendi."

"Gabar! Wewe binti!" Hooyo aliita kutoka ndani. Nikaingia. Alikuwa amejiinua kwa kiwiko. "Wako wangapi?"

"Wanane na magunia. Usijali, nimewakataza."

"Waache wabande."

"Hooyo, watakubana!"

"Ile siku nililia, gari ilikuwa na mimi na dereva beke yetu. Gari ya springi ngumu kama haina kitu inaruka kama ndama. Ikibeba watu inatulia. Mimi nimebanda malori na mbuzi zangu miaka mingi, najua." Alinitazama. "Ikijaa, naenda."

"Mbona hukusema jana?"

"Jana mlikuwa wawili tu. Nimwambie nani ajaze gari?"

Saa moja asubuhi tuliondoka. Magunia yalitangulia kuingia, godoro likatandikwa sakafuni kati ya viti viwili, Hooyo akalazwa, na watu wakapanda kila upande, miguu yao imemzunguka. Kichwa chake kilikuwa pajani mwangu. Kaltuma aliiweka mikono yake miwili juu ya nyonga ya Hooyo na hakuiondoa. Gari lilishuka chini, likatulia, likaanza kwenda kama mtu mwenye mtungi wa maji kichwani. Lile gari lililonitikisa meno jana liliingia mashimoni likitoka polepole, na kila lilipoyumba miili yote iliyumba pamoja, bega kwa bega, kisha ikarudi.

Ulipofika ule mwendo mrefu kabla ya Shimbirey, joto lilikuwa limezidi na vioo viko wazi. Vumbi liliingia likaelea mwangani, la dhahabu. Harufu ya gundi, ya jasho na ya maziwa ilichanganyika. Ngurumo ya injini haikunikera tena. Ilipita chini ya godoro na chini yetu sote, nzito, ya namna moja. Mzee mmoja alisinzia begani mwa asiyemjua. Nilimtazama Hooyo, nikaona kope zake zimefungwa na midomo imelegea. Amelala. Nilimpenda wakati ule kwa namna ambayo miaka tisa ya heshima haikuwahi kunifikisha.

Kabla ya adhana ya alasiri tuliingia hospitalini. Muuguzi alikuja na kitanda cha magurudumu, Bishar akafungua mlango wa nyuma, na hakuna aliyeshuka. Injini ilikuwa bado inanguruma, naye Bishar hakuizima.

"Shukeni basi," alinong'ona muuguzi.

"Tukishuka gari itainuka," alinong'ona Kaltuma. "Itamuamsha."

Wale watu walikuwa na shughuli zao mjini, magunia yao yanangojwa sokoni, na wengine hata majina yao sikuwa nayajua. Lakini waliketi palepale wakilikalia gari kwa uzito wao. Mwishowe tulilinunua la kijivu, mtakuwa mmeshakisia, na lile jeupe Kirimi aliliponya, likarudi kwa binamu salama. Ni gari zuri kwa mwenye njia nzuri. Ila mimi siku ile nilijifunza kwamba gari la familia halipimwi likiwa tupu.

Hooyo alifumbua macho mwenyewe. Aliona dari, akaona nyuso zimemwinamia.

"Tumefika wabi?"

"Hospitalini, Hooyo."

"Mbona hamshuki?"

Alitutazama mmoja mmoja, akaelewa, akaifuta pembe ya jicho kwa ncha ya shash yake.

"Haya, shukeni," alisema. "Lakini bole bole. Mmoja mmoja."

Wakashuka mmoja mmoja, na kila aliyeshuka, gari lilimwinua Hooyo kidogo.