Darasa Lililopata Sifuri kwa Adabu

Ugomvi wangu na mwalimu mkuu ulianzishwa na mbwa ambaye hakuwepo.

Nilikuwa nimepakua kwenye simu programu ya bure ya kutuliza darasa. Kwenye kioo amelala mbwa wa katuni. Watoto wakiwa kimya anakoroma, kelele zikizidi anaamka na kubweka. Wazo zuri, ila aliyelitunga hajawahi kufika Sumbawanga mwezi wa saba. Upepo wetu ukianza kutikisa mabati ya shule yetu ya Katandala, hata padri hulazimika kupaza sauti. Siku hiyo niliiacha simu dirishani, imeunganishwa na spika, nikawatoa watoto uwanjani kwa michezo. Mbwa akasikia mabati, akaamka, akabweka kipindi kizima ndani ya darasa tupu.

Mlinzi aliingia na rungu na kumtafuta chini ya kila dawati. Mwalimu mkuu, mama aliyekaribia kustaafu na asiyependa utani saa za kazi, alikatisha mazungumzo na mgeni wake akaja kuona. Nikasema, "Samahani mama, huyo ni mbwa wangu wa kwenye simu." Alinyoosha mkono tu, na tangu siku hiyo simu yangu ikawa inashinda kwenye droo yake mpaka muda wa kwenda nyumbani.

Niliumia, sifichi. Mimi ni mtu wa kuchemka haraka, na nilichemka wiki nzima. Darasa langu la tano lina watoto sabini na wawili. Maana yake kila jioni napanda bodaboda kwenda nyumbani Izia nimekumbatia madaftari sabini na mawili, na mke wangu amezoea kutafuta mahali pa kuweka bakuli la mboga katikati yake. Na wakati huo nilikuwa nimegundua programu nyingine, ya bure vilevile, inayosahihisha majibu ya darasa zima kwa dakika moja. Nilizitaka jioni zangu. Nilimbembeleza mwalimu mkuu karibu mwezi mzima.

"Mama, hii haibweki."

"Ya kwanza nayo ulisema inatuliza," alinijibu.

Ofisini nako hawakunisaidia. Mwalimu wa sayansi alisema hakuna cha bure duniani, hata chanjo ya bure inauma. Lakini maji yakidondoka sana hutoboa jiwe. Mwalimu mkuu akakubali: Ijumaa, kipindi kimoja, naye akiwa amekaa nyuma ya darasa. Ikifanya kazi, simu inarudi darasani. Ikishindwa, asisikie tena neno programu mpaka astaafu.

Kazi yenyewe iko hivi. Kila mtoto anapewa karatasi ya mraba yenye mchoro mweusi wa vibokisi, na kwenye kila upande kuna herufi ndogo: A, B, C, D, A ikitazamana na C. Mwalimu anauliza swali. Mtoto anaigeuza karatasi mpaka herufi ya jibu lake iwe juu, anaiinua, mwalimu anapitisha kamera ya simu, basi. Simu inajua nani kapata na nani kakosa. Nilichapisha karatasi zote kwa mama mmoja wa steshenari, ambaye aliniuliza kama hizo ni lipa namba za parokia, za kutolea sadaka kwa simu. Nikazibandika kwenye vipande vya maboksi kwa uji wa sembe. Kuzijaribu na watoto sikuweza, simu ikiwa bado mahabusu saa za shule. Niliwaeleza watoto kwa mdomo tu, wakasema wameelewa.

Ijumaa mwalimu mkuu akaingia na kiti chake. Watoto wakasimama, "Shikamoo mwalimu mkuu!", wakaketi. Nilianza na swali la kujipatia sifa, ambalo darasa la tano haliwezi kulikosa. Saba mara nane. A ilikuwa hamsini na sita. C ilikuwa kumi na tano, nimeiweka kwa kujifurahisha tu.

"Haya, nionyesheni majibu!"

Karatasi zikapanda juu, nikapitisha simu kwa madaha. Nikatazama kioo. Darasa zima lilikuwa limesema saba mara nane ni kumi na tano. Aliyepata ni mmoja tu, binti niliyemnyang'anya hindi la kuchoma asubuhi ile. Alikuwa amenuna na ameinua karatasi yake kwa mkono mmoja, huku anatazama dirishani.

Nilihisi masikio yanapata moto. Nikawafokea. Nikauliza saba mara nane kwa mdomo, wakajibu kwa sauti moja, "Hamsini na sitaaa!" Nikawaambia wainue tena. Kumi na tano. Nikaitikisa simu, kana kwamba ina mchanga ndani.

Mwalimu mkuu akainuka taratibu, akamwendea mtoto wa dawati la karibu. "Mwanangu, nipe hiyo karatasi."

Mtoto akailaza dawatini, akaigeuza herufi ya jibu ielekee kwa mwalimu mkuu, akampa kwa mikono miwili huku amepiga goti kidogo.

"Umeona, mwalimu?" mwalimu mkuu akaniuliza. "Wewe si mtu wa Mwimbi wewe?"

Ni mtu wa Mwimbi hasa, ndiko kijijini kwetu, na bibi yangu aliwahi kunichapa kwa kumpa babu kikombe huku kishikio kiko upande wangu. Huku kwetu mkubwa hapewi kitu kimempa kisogo. Nilikuwa nimewaambia wanionyeshe, nao wakanionyesha kama walivyofunzwa nyumbani: kila mmoja aliilaza karatasi, akaielekeza herufi ya jibu kwangu kama kishikio cha kikombe, kisha akaiinua kwa kushika upande wa pili, ulio kwake. A iliyotakiwa kuwa juu ikawa chini, na C ikapanda. Watoto sabini walipata sifuri kwa adabu, na binti wa hindi akapata mia kwa hasira.

"Wanao wamekuheshimu," mwalimu mkuu akasema. "Simu yako ndiyo haina malezi."

Nikawaambia simu si mtu mzima, haisalimiwi wala haigeuziwi kitu, na karatasi iinuliwe kama mtu anavyoinua kidole. Tukarudia. Hamsini na sita, karibu wote! Nilicheka peke yangu kwa sauti. Nilishaanza kuona meza yangu ya Izia ina sahani tu, bila daftari hata moja. Kwa kiburi hicho nikauliza swali ambalo halikuwa kwenye mpango: theluthi na robo, ipi ni kubwa? Sehemu nilizifundisha wiki tatu, na kila siku walinihakikishia wameelewa.

Waliopata walikuwa kumi na mmoja. Nikakagua namna walivyoshika karatasi. Waliziinua sawasawa. Sitini walisema robo ni kubwa, maana nne inaishinda tatu.

Mwalimu mkuu akachungulia kioo juu ya bega langu. "Simu imefaulu, ibaki darasani," akaninong'oneza. "Wewe ndiye ningekuweka kwenye droo."

Nikawageukia watoto. Sikuwa na nguvu za kufoka. "Kila siku niliwauliza kama mmeelewa. Mbona mlisema ndiyo?"

Kiranja, binti mdogo wa dawati la mbele, akasimama, akapiga makofi mawili ya taratibu kama wanavyowasalimu wazee nyumbani kwao.

"Mwalimu, ulikuwa unafundisha kwa furaha sana. Tukaona tusikuharibie."

Niliona aibu, na niliwapenda, vyote kwa pamoja. Nikafuta ubao. Nikachora chapati mbili, moja nikaikata vipande vitatu, nyingine vinne, nikaeleza polepole. Nilipomaliza sikuuliza kwa mdomo. Nikasema aliyeelewa ainue A, asiyeelewa ainue B, na hakuna atakayejua jibu la mwenzake ila simu tu.

Wengi walikuwa B. Lakini kioo kilihesabu karatasi sabini na mbili, na mimi siku hiyo nilikuwa na watoto sabini na mmoja, kwani mmoja alikuwa mgonjwa. Nikatazama nyuma. Mwalimu mkuu alikuwa ameichukua karatasi ya yule mgonjwa, ameiinua juu kwa mikono miwili mbele ya watoto wote, B ikiwa juu kabisa.

"Hiyo chapati ya pili sijaielewa, mwalimu," akasema. "Rudia."