Fundi Pua na Gari la Mkunga

Mtaani walimwita Fundi Pua, na jina hilo hakupewa bure. Magari ya zamani, yale ya kabureta, aliyafungua boneti, akainama, akavuta pumzi mara moja, kisha akasema: hapa petroli inazidi, hapa haifiki. Lakini tangu homa kali ilipomlaza kitandani, pua yake ilikufa ganzi. Vitunguu vikiungua jikoni, yeye ndiye wa mwisho kujua. Mumewe pekee ndiye aliyeambiwa, tena kwa kuapishwa asifungue mdomo.

Ndipo mkunga mstaafu akaleta gari lake.

"Asubuhi linawaka bila shida," alieleza. "Likishapata moto, nikilizima niingie dukani kidogo, nikirudi limenuna. Napiga stata mpaka betri inachoka."

"Haya mama, niachie."

Fundi akainama, akavuta pumzi, akaambulia hewa tupu. Angeweza kumuuliza mkunga kama gari hunuka petroli, ila swali hilo, likitoka kwake, lingemuumbua. Akabahatisha kuwa ni umeme. Akabadilisha platini na kondensa, vile vifaa vya kutoa cheche, gari likawaka. Lingeachaje kuwaka, na injini ilikuwa baridi?

Wiki haikuisha. Mkunga akarudi, gari lake likivutwa kwa kamba nyuma ya pikapu.

"Limetukwamia njiani, mwanangu. Nilikuwa nampeleka mume wangu kliniki, tumekaa juani na mgonjwa." Hakufoka. Heri angefoka.

Fundi, uso umemshuka, akachomoa waya wa plagi, akausogeza karibu na chuma aone kama cheche inaruka. "Piga stata, mama."

Mkunga alishika ufunguo, akasita, kisha akaruka nje. "Weka chini huo waya! Hunusi? Petroli imejaa hapa!"

Fundi akatazama vizuri. Kabureta ilikuwa inachuruzika, ubavu wa injini umelowa wote. Cheche moja tu ingewamaliza wote wawili. Akauweka waya chini, mbali na chuma.

"Sinusi," alisema. "Tangu niugue, sinusi kitu chochote."

"Kwa hiyo gari langu ulilibahatisha?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Mkunga alichukua tambara, wakafuta petroli pamoja.

Kabureta ilipofunguliwa, fundi alitoa boya lake dogo la shaba, akalitikisa sikioni. Ndani mlikuwa na petroli. Boya lilikuwa limetoboka, likazama, likashindwa kufunga njia ya mafuta. Injini baridi ilivumilia, yenye moto ilizama kwa petroli. Kilikuwa kitundu cha kuziba kwa risasi ya kulehemu, kazi ndogo kabisa.

Fundi alipokwisha kukiziba, waliliendesha gari mtaani hadi likapata moto, wakalizima, wakangoja. Likawaka mara ya kwanza.

"Wateja wako waambie," mkunga alisema akiwa ameshika usukani. "Usipowaambia wewe, nitawaambia mimi. Leo tungeungua."

Kesho yake fundi alimwambia mteja wa kwanza. Mzee yule alimpa pole nyingi, akakumbuka ghafla ana safari, akaondoka na gari lake. Wa pili alibaki, ila alisimama kando muda wote akimchunga mikono. Jioni mumewe alipomuuliza siku ilikwendaje, alisema amechoka, akageukia ukutani.