Moshi kwenye Blanketi la Mama

Tumbaku yangu ni ya bei ya chini, burley tupu, majani ya kahawia yaliyokaushwa kivulini. Huipata soko la Njukini nikienda kutafuta mbegu za maharagwe, na muuzaji hunifungia kwenye gazeti bila kuuliza, maana tumeshazoeana. Haijatiwa manukato wala kitu kitamu. Ukiivuta polepole inanukia karanga za kukaanga, nami huivuta polepole sana. Mtu mzima, karani mstaafu, mzee wa kanisa, najificha na kiko kama mtoto wa shule!

Maficho yangu ni nyuma ya nyumba ya mama, hapa kwetu Ronge. Mama ni mkongwe, masikio yamechoka, na mchana hujilaza. Kamba yake ya kuanikia nguo iko hapohapo. Pamoja na akili zangu zote za ukarani, sikufikiria kwamba blanketi hushika moshi.

Zamani mama alivuta kuliko baba. Aliacha alipobatizwa, akaapa mbele ya washarika wote, na kanisa letu halisahau kiapo cha mtu. Kwa hiyo mke wangu alipoanua blanketi lile na kulinusa, hakunifikiria mimi hata kidogo. Aliwaambia akina mama wenzake wa kanisa. Hakuwa na ubaya. Ndivyo tunavyofanya mtu akirudi nyuma.

Walikuja watatu, Alhamisi, na Biblia zao na kilo mbili za sukari. Tuliketi sebuleni. Waliimba kwanza, wakaomba, kisha mkubwa wao akainama karibu na sikio la mama.

"Mama, umerudia tumbaku?"

Mama aliinua uso. Aliniangalia mimi. Aliniangalia muda mrefu, mpaka mke wangu akakohoa. Nilishika kikombe changu nikanywa chai ambayo ilikuwa imekwisha. Basi mama akainamisha kichwa, na wale wanawake wakachukua kimya chake kuwa ndiyo.

Kwetu aliyerudi nyuma hukaa benchi la mwisho mpaka atubu mbele ya watu. Mama alikuwa akikaa benchi la kwanza, si kwa heshima tu, bali kwa sababu bila kumwona mchungaji mdomo haambulii neno. Jumapili iliyofuata nilimshika mkono nikampeleka nyuma, kisha nikaenda mbele kwenye viti vya wazee. Wakati wa ushirika mkononi mwangu mlikuwa na sahani ya mkate. Sikuwahi kujidharau namna ile. Mama alitazama dirishani ibada nzima.

Nilijifariji kwamba amenifunika kwa upendo wa mama. Nilijiambia hivyo miezi miwili, na alasiri niliendelea kukaa palepale na kiko changu, nikigeuza tu blanketi upande mwingine wa kamba. Nilijua ni kosa, lakini mkono ulijaza kiko.

Siku moja alitokea kwenye kona ya nyumba, fimbo mkononi. Sikupata hata nafasi ya kuficha kitu.

"Hiyo ni ya Njukini," alisema. "Baba yako alikuwa ananunua hiyo hiyo."

Nilianza kumshukuru. Nilisema nimejua alivyonisitiri siku ile, kwamba mama ni mama. Ilibidi nirudie kwa sauti ndiyo asikie, na nikaogopa mke wangu asije akasikia pia.

Mama alinikunjia uso.

"Kukusitiri? Mimi nilikuwa nangoja useme. Nilikuangalia ndiyo useme. Na kila Jumapili ukinipeleka kule nyuma nasema, leo atasema."

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua pa kuanzia.

Nilimwambia nitasema Jumapili, mbele ya wote, yeye akiwa ameketi benchi lake. Alitikisa kichwa kukubali, akarudi ndani.

Zimepita Jumapili tatu.