Koti la Ijumaa: Mpiga pasi anayengoja hatifungani yenye jina la shemeji

Saa moja kasoro robo asubuhi, mkaa umeshika. Mama Pasi anachovya kidole kwenye kopo la maji, anagusa chini ya pasi, anasikiliza inavyolia. Mashati ya wateja ameyaweka kando. Mezani ametandaza koti la sufu la kiume, la kijivu, na juu yake kitambaa kibichi.

"Hili halina mteja," anasema bila kuinua macho. "Hili ni la Ijumaa."

Ijumaa hatifungani yake inaiva. Ni yake kwa jasho. Kwa jina si yake, na hapo ndipo usingizi ulipompotelea.

Mjane huyu wa miaka arobaini na sita amepiga pasi kwenye kibaraza hiki, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kwa miaka kumi na minne. Shati ni shilingi mia mbili, suruali mia tatu. Siku nzuri humwachia elfu nne baada ya kununua mkaa.

Miaka mitatu iliyopita, serikali ilipoanza kuuza kwa simu hatifungani za kuanzia shilingi elfu tano, mtaani wengi walisema ni utapeli. Yeye alielewa hivi: unaikopesha serikali, inakupa faida kila miezi sita, na muda ukiisha inakurudishia mtaji wako.

"Nilicheka," anasema. "Mimi ninayekopa chumvi kwa jirani, leo niikopeshe serikali?"

Akaikopesha. Alitanguliza elfu tano za kujaribu, akaona hazijayeyuka. Kabla mauzo hayajafungwa, akiba yote ya kwenye kopo la maziwa ilikuwa imeingia humo: shilingi laki nne. Tangu hapo, kila miezi sita simu yake imekuwa ikipokea elfu ishirini, bila kuchelewa hata siku moja.

Mwezi uliopita alikwenda ofisi ya hatifungani kuuliza atalipwaje mtaji. Karani alibonyeza kompyuta, akamtazama, akauliza, "Mama, huyu mwanamume ni nani?"

Ni mdogo wa marehemu mumewe. Miaka tisa iliyopita, mumewe alipomnunulia simu, kitambulisho cha Mama Pasi kilikuwa kimepotea. Shemeji akatoa chake wakasajilia laini. "Laini ni laini tu, shemeji," alimwambia. Wangapi mtaani hawajafanya hivyo? Lakini hatifungani hufuata jina la laini. Faida huingia kwenye simu, ila mtaji hulipwa mwenye jina, akifika mwenyewe na kitambulisho.

Na shemeji huyo walikuwa hawajasemezana tangu msiba, mwaka wa nne sasa.

"Aliomba koti la kaka yake. Hili hili. Nikamwambia, kaburi bado bichi, wewe unataka nguo? Nilisema mbele za watu. Akaondoka hata hakuaga."

Ilimchukua siku tano kupata moyo wa kumpigia. Alimweleza yote, hata kiasi, akamwomba wakutane ofisini Ijumaa asubuhi. Upande wa pili sauti ikajibu, "Nimekusikia, shemeji. Nitaangalia."

"Nitaangalia ni neno gani?" anauliza Mama Pasi, akisukuma pasi polepole. "Mwenye nyumba naye nikimwambia bati linavuja husema ataangalia. Linavuja mwaka wa pili huu."

Anaogopa, na hafichi. "Yeye ameshika mpini, mimi nimeshika makali. Akitaka anakwenda peke yake, anachukua zote, na karatasi ziko upande wake." Wiki iliyopita aliunguza kola ya mteja, jambo ambalo halikuwa limemtokea kwa miaka minane. Ilibidi anunue shati jipya.

Binti yake amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Ada ya kwanza ni laki tatu na nusu, mwisho wa mwezi huu. Ikipita tarehe, nafasi anapewa mwingine.

"Mama, si ni baba mdogo tu?" anasema binti, akipuliza mkaa. "Alikuwa akinibeba mabegani."

"Alikuwa," mama anajibu.

Majirani wamemshauri amtishie polisi. Amekataa. Anasema mtu uliyemfukuza kwa maneno huwezi kumrudisha kwa maneno makali zaidi. Mpango wake ni kufika ofisini saa mbili kamili, koti mkononi, na kumkabidhi shemeji hapo mlangoni kabla ya kumtajia pesa.

Anainua koti, analitundika msumarini. Mikono ya koti ina mstari mpya wa uzi. Juzi alimpelekea fundi cherehani afumue pindo na kuirefusha kwa inchi moja na nusu, maana shemeji ana mikono mirefu kuliko ya kaka yake. Kipimo alikikumbuka kwa macho.

Na asipokuja?

"Nitalirudisha msumarini," anasema, akivuta shati la kwanza la mteja. "Lakini akija, litamtosha."