Tisa ya Kitabu

Hapana, nauli nilikuwa nayo, imefungwa kwa ncha ya leso. Na magari ya kutoka Migori kwenda Homa Bay yalikuwa yanapita hapo barabarani tangu asubuhi. Miguu pia ilikuwa mizima. Usinitafutie sababu nzuri. Sikuenda kumwona dada yangu kwa sababu siku ya kwenda ilikuwa bado haijafika kwa kitabu.

Wacha nianze na nyumba. Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nakaa na kijana wangu Migori, kwa nyumba ya kukodi, nikimsaidia na watoto. Yeye alikuwa mtu wa ofisi, bibi yake mwalimu, watoto wanne. Asubuhi ilikuwa vita. Kijana wangu na hiyo sauti yake ya ng'ombe amefungiwa: "Soksiii! Nani amechukua soksi yangu?" Bibi yake kutoka bafu: "Kwani mimi ndio navaanga soksi zako?" Watoto nao: "Dana, kiatu! Dana, chai imemwagika!" Dana ni mimi, nyanya yao. Na mimi nilikuwa najua kila kitu iko wapi. Soksi iko chini ya kiti. Kiatu moja iko kwa jirani. Kesho ni kliniki ya yule mdogo. Yote ilikuwa hapa kwa kichwa, bila kalamu.

Siku moja bibi yake akatoka semina na dayari. Kitabu nyeusi, kila siku na ukurasa yake, kila saa na mstari yake. Akatuketisha wote. Huyo msichana Kizungu anapitisha kwa pua, na Kiswahili pia anapitisha hapo hapo: "Kuanzia leo, kila mtu ataangalia mpango wake. Hakuna kupiga kelele." Baba watoto akapewa biro ya buluu, watoto nyekundu, yeye kijani. Mimi nyeusi. Nikamwambia, "Mama, umenipa rangi ya matanga?" Watoto wakacheka. Yeye hakucheka. Kucheka haikuwa imeandikwa saa hiyo.

Nitasema ukweli: kelele iliisha. Soksi ilikaa mahali yake. Chai ilinywewa pole pole kama kwa nyumba ya padri. Hata kijana wangu aliacha kulia kama ng'ombe, akaanza kuongea kama mtu. Lakini hakuna mtoto aliniuliza kitu tena. "Dana, wacha niangalie kwa dayari." Nikaanza kukaa kwa hiyo nyumba kama meza.

Hapo ndio habari ikakuja, dada yangu mkubwa amelazwa Homa Bay. Huyo ndiye alinibeba mgongoni nikiwa mtoto. Na baadaye, mimi na yeye tulibeba omena, hizo samaki ndogo za kuuza, kwa kichwa kutoka ziwani miaka mingi, mpaka huyu kijana wangu akasoma, akamaliza. Nikamwambia, "Nipeleke nimwone." Akasema, "Mama, usijali. Nitaomba pikapu ya ofisi. Tutaweka Jumamosi kwa dayari."

Ijumaa jioni nikafungua hiyo kitabu mwenyewe. Herufi sijui, lakini namba najua. Nani ameuza sokoni bila kujua namba? Nikaona biro nyeusi, yangu. Mbele yake, tisa. Nilifurahi! Mimi ni Msabato, Jumamosi asubuhi ni ya kanisa, na huyo msichana ni Mkatoliki. Nikasema, kumbe ana roho. Amengoja nimalize kuomba, ndio tutoke saa tisa mchana. Kesho yake nikavaa kitenge yangu nzuri, nikaenda kanisa, nikamsifu mbele ya wamama wote. "Nyinyi mnalia na mabibi ya vijana wenu," nikawaambia, "njooni mwone wangu."

Nilirudi saa nane, mapema. Mlango imefungwa. Jirani, yule anayeongea akitafuna, akanitazama: "Si walienda asubuhi? Mzee wa nyumba alisimama hapa akiangalia saa, akaangalia saa, wakatoka."

Sasa sikia. Hiyo tisa yao ya kuandika ndio saa tatu yetu ya kusema. Watu wa shule mdomo yao inasema saa tatu, mkono inaandika tisa, na hakuna mtu alikuwa ameniambia. Na kanisa ilikuwa hapo tu ng'ambo ya barabara. Hakuna mtu alinifuata. Kitabu haikuwa na mstari ya kunifuata.

Jioni wakarudi. "Mama, hukuwa tayari," kijana akasema. "Anakusalimia. Nimekuandika Jumamosi ijayo."

Na mimi, nauli iko kwa leso, nikangoja. Hapo ndio najichukia. Jumapili nikangoja. Jumatatu nikangoja. Walikuwa wamenifunza tayari. Jumatano simu ikapigwa ofisini kwa kijana wangu, na akaja nyumbani saa ambayo haikuwa yake.

Matangani, mama mmoja aliyelazwa hospitali kitanda ya karibu na dada yangu akanishika mkono. Sauti za watu wote naiga, lakini hii siigi kwa mchezo. Aliniambia: "Kila mlango ikifunguka anainua kichwa. 'Ni nyamera? Ni dada yangu?' Tukimwambia hapana, anarudisha kichwa."

Nilirudi Migori kuchukua nguo zangu. Wote wawili walikuwa mezani. Nikafungua kitabu kwa hiyo Jumamosi, nikaweka kidole.

"Hii ni ngapi?"

"Tisa," kijana akasema.

"Na saa tisa mimi nilikuwa wapi? Si nilikuwa hapo mlangoni?"

Bibi yake akainamisha kichwa. Huyo angalau macho yake ilikuwa na maji. Kijana wangu, yule niliyembebea omena, akafunga kitabu pole pole, akaniambia na hiyo sauti yake mpya, imetulia, haina kelele hata kidogo:

"Mama, kitabu haina makosa. Ni wewe hukusoma."