Tulimhasi sungura wetu, Mama akamuuguza kama mtoto wa jando

Wakuu, heshima zenu kwanza.

Ninachowaletea kimetokea nyumbani kwetu Ujiji na sijakitia chumvi. Wanaopenda uzi mfupi wapite tu, mimi nikianza kusimulia sijui breki ziko wapi.

Mimi ni fundi cherehani, ofisi yangu iko Mwanga, hapa hapa Kigoma. Naishi na Mama, wawili tu. Dada zangu wameolewa, kaka yuko mbali. Mtu wa tatu ndani ya nyumba ni sungura dume anaitwa Diwani.

Najua kuna watu washaanza kuulizia mchuzi. Tulieni.

Hata mimi nilimnunua kijijini Simbo kwa nia hiyo hiyo. Siku ya kumchinja Mama akasema tusubiri anenepe kidogo. Akanenepa. Akasema tusubiri Idi. Idi ikaja, tukala kuku. Hapo nikaelewa kwamba sikuleta kitoweo, nimeleta ndugu.

Jina alimpa Mama mwenyewe, eti anazunguka nyumba nzima kukagua mambo na hakuna analorekebisha.

Shida ilianza alipobalehe. Wakuu, dume la sungura likikomaa ni balaa. Anarusha mkojo ukutani, kwenye viatu vya wageni, mpaka kwenye msala wa Mama wa kuswalia. Anapanda kila kitu, hata ndala. Mwisho akamng'ata jirani yetu Mama Hadija, muuza migebuka, wale samaki wetu wa ziwani, aliyekuja zake kuazima kinu. Mama Hadija akasema dawa ya huyo ni kitunguu na nyanya.

Nikaingia Google, nikakuta wenzetu huko huwahasi, wanatulia. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo, dada mmoja mpole. Akaniambia wateja wengi wa sungura huja kumuuliza namna ya kuwanenepesha, hawa wa kuwatuliza ni wachache. Lakini kazi anaijua, na ilikwenda vizuri.

Maelekezo yake yalikuwa mepesi. Alale pakavu. Apewe dawa ya maumivu. Kidonda kisipakwe kitu. Ale na anywe kama kawaida mapema iwezekanavyo, na tuangalie choo chake. Hapo akakazia sana. Tumbo la sungura halina likizo, likisimama tu, mnaweza kumpoteza.

Nikamfikishia Mama yote. Akanisikiliza kama mtu anayesikiliza matangazo ya redio.

"Baba, wanaume wawili nimewauguza ndani ya nyumba hii, wewe na kaka yako. Nenda kazini."

Sasa wasiwasi wangu mimi ulikuwa mawese. Nyie wa Kigoma mnaelewa. Mama yangu hana ugonjwa asioupaka mawese. Kifua mawese, upele mawese, mtoto kachubuka mawese. Nikaificha chupa juu ya kabati, nikaondoka kifua mbele, najua nimeziba njia zote.

Nikirudi jioni naona mambo safi. Mama kamtandikia Diwani kipande cha shuka, na juu kamtundikia kanga kama kijihema ili kitambaa kisimguse kidonda. Kidonda kikavu, hakuna mawese. Bakuli la maji niliyomwekea asubuhi ni tupu. Nikafurahi, nikajua anakunywa, hata choo sikukagua.

Majirani nao walikuwa wanapita kumjulia hali. Mama Hadija, huyo huyo aliyeng'atwa, anachungulia dirishani na kuuliza, "Mwali anaendeleaje?" Mama anamjibu bila kucheka, "Mwali anapumzika, msimpigie kelele."

Mimi nikaona ni utani wa kina mama, kumwita mwali kama mtoto aliye jandoni. Kumbe Mama hakuwa anatania.

Siku moja mchana niko ofisini naunga mkono wa gauni la harusi ya watu, simu ikaita.

"Baba, njoo. Diwani kanyamaza."

Sungura kwa kawaida hasemi, lakini nilimwelewa. Nikaacha gauni lina mkono mmoja, nikachukua bodaboda.

Nilimkuta kajikunyata kwenye kona, macho nusu, anasaga meno taratibu. Masikio ya baridi. Nikainua lile shuka kutafuta choo. Hakuna hata kigololi kimoja. Kilichokuwepo ni vipande vya muhogo wa kuchoma na ukoko wa ugali, vyote havijaguswa.

Nikampigia daktari, nikaweka sauti ya nje ili Mama naye asikie.

"Maji anakunywa?" akauliza.

Nikamwambia anakunywa, kila siku bakuli linaisha.

Mama akanigusa bega. "Yale nilikuwa namwagia mchicha."

Nikamwangalia.

"Sasa mtahiriwa anapewa maji, baba? Akinywa si atakojoa? Akikojoa si kidonda kitamuuma? Nilikuwa namlowesha midomo kwa pamba. Na chakula nimempa kikavu, kama nilivyowapa ninyi."

Halafu daktari akasema, "Mama, shikamoo. Huyo anahitaji maji sasa hivi. Nakuja."

Kwa wasiojua, zamani huku kwetu, na nadhani sehemu nyingi, mtoto akitoka jandoni alinyimwa maji ili asikojoe mara kwa mara. Shuka lilitundikwa lisimguse, chakula kikawa kikavu. Mama alimfanyia Diwani yote yale kwa moyo mmoja, hakuruka hata hatua. Hakuwa na uzembe hata kidogo, na ndiyo maana sikuweza kumkasirikia. Nilitaka, nikashindwa.

Daktari alikuja, akamchoma sindano na kumwekea maji chini ya ngozi. Akamwachia Mama bomba la sindano lisilo na sindano, amdondoshee maji mdomoni kidogo kidogo. Mimi akanituma majani mabichi. Akasema kilichobaki ni kusubiri choo.

Mama alikaa chini na Diwani mapajani. Mwanzo alikataa kushika lile bomba.

"Mpe wewe. Mimi nitammaliza."

Wakuu, hapo niliogopa kweli. Sungura akifa nitaumia, nitapona. Lakini Mama angejiona muuaji kila akipita kwenye ile kona, na hakuna maneno yangu ambayo yangemtoa hapo. Nikamshikisha bomba kwa nguvu. Nikamwambia amekuzoea wewe, kwangu atagoma.

Tone la kwanza likamwagika. La pili Diwani akalilamba. Baadaye akalishika lile bomba kwa meno, ananyonya hataki kuachia. Mama anajaza tu, anajaza tena.

Adhana ya magharibi inatoka, Mama akainuka kwenda kutawadha, akasimama ghafla. Kwenye kanga yake palikuwa na vigololi vitatu vidogo, vyeusi.

"Alhamdulillahi," akasema, taratibu kabisa.

Sikuwahi kufikiria maishani nitafurahia mavi kiasi kile. Nilicheka peke yangu mpaka machozi. Na Diwani alishaanza kutafuna majani kana kwamba hajamsumbua mtu.

Mama aliswali, akarudi, akakaa karibu yangu. Alimwangalia yule sungura akinywa kwenye bakuli kwa muda mrefu.

Halafu akasema, "Kumbe na ninyi mlikuwa na kiu."

Akaendelea.

"Kaka yako alikuwa ananiita, mama maji, mama maji. Mimi niko nje ya mlango, nimeziba masikio kwa kanga. Niliambiwa nikimpa nitamharibu."

Nikamwambia, Mama, tulipona, tuko wazima. Akaitikia kwa kichwa. Akainuka, akaenda kwenye mtungi, akarudi na kikombe cha maji, akanipa. Mwanaume mzima nina ndevu. Sikuwa na kiu, ila niliyanywa yote.

Diwani sasa ni mzima. Mkojo harushi, msala uko salama, na Mama Hadija anamletea majani ya viazi.

Nilichojifunza ni kwamba anayeuguza kwa mapenzi naye anahitaji kuelezwa sababu, siyo maagizo tu. Mimi nilisema "anywe". Sikusema asipokunywa atakufa.

Wafugaji karibuni mniongezee maarifa.

Na nyie mliopita jando la zamani, hebu semeni ukweli: mlinyimwa maji? Na mama zenu mliwahi kuwauliza walikuwa wapi mlipokuwa mnalia?

Mama yuko hapa pembeni, anasubiri nimsomee majibu.